Jina refu lililopotosha kompyuta

Mwalimu wa hesabu anayetunga mtihani wa majaribio pale Kilifi ana tabu asiyoijua mwenzake wa Kiswahili. Maneno matupu hayamtoshi. Anataka sehemu, vipeuo vya pili na mabano yaliyobebana, na kibodi ya kawaida haina vitu hivyo. Kwa miaka mingi Microsoft Word ilimpa kisaidizi kidogo cha kuandikia milinganyo, kikiitwa Equation Editor. Wengi wetu hatukukifungua hata siku moja, lakini kilikuwamo humo humo ndani ya kompyuta zetu, kimetulia kama mgeni aliyesahauliwa chumba cha uani.

Kisaidizi hicho kilitungwa na kampuni ya Design Science ya Marekani, na nakala iliyokuwa ikisambazwa iliundwa Novemba 2000. Miaka 17 ikapita. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Embedi wakaipekua, wakakuta tundu lililokuwapo muda wote huo.

Tundu la namna gani? Hebu, msomaji, twende Malindi, pale mashua zinaposhusha samaki. Tuseme karani ana ubao wa chaki uliogawanywa visanduku. Kimoja ni cha jina la mvuvi, na kinatosha herufi 30. Kinachofuata kina agizo la tajiri: “Ukimaliza kuandika, nenda kwenye mzani.” Karani huyu ni mtiifu kupita kiasi. Huandika kila anachotajiwa bila kuhesabu herufi, na hufuata agizo lolote analolikuta ubaoni bila kuuliza limeandikwa na nani. Siku moja anakuja mjanja mwenye jina refu kama kamba ya nanga. Karani anaandika, kisanduku kinajaa, chaki inaendelea, agizo la tajiri linafutika. Na ule mkia wa jina umepangwa kwa makusudi: “Nenda ukafungue sanduku la fedha.” Karani anamaliza, anatazama ubao, anashika njia kwenda kufungua sanduku.

Kumbukumbu ya kompyuta nayo ni ubao wa aina hiyo. Ndani ya mlinganyo huwekwa jina la fonti, yaani aina ya mwandiko. Kisaidizi kile kililinakili jina hilo mahali padogo bila kupima urefu wake. Basi aliyeunda waraka wenye jina la fonti refu kupita kipimo aliweza kuipa kompyuta amri zake mwenyewe: leta programu yangu, iendeshe, nitumie faili za huyu bwana. Mwenye kompyuta hakufanya jambo la ajabu. Alifungua waraka, basi. Ndiyo maana mimi sikubaliani na wale wanaodai ati kila aliyedukuliwa ni mzembe.

Microsoft ilitoa kiraka Novemba 2017, na Januari 2018 ikakiondoa kabisa kisaidizi chenyewe baada ya matundu mengine kuonekana. Ungedhani mambo yameisha. La hasha! Mei 2020 serikali ya Marekani ililitaja tundu hilo hilo miongoni mwa 10 yaliyotumiwa zaidi na wadukuzi kati ya 2016 na 2019. Wahalifu walijua kwamba kiraka kutolewa si kiraka kutiwa. Kisha Februari 2023 Word yenyewe ikazibwa tundu jingine: faili ya RTF yenye orodha ya fonti nyingi mno iliweza kuvuruga kumbukumbu, na hata kuichungulia tu bila kuifungua kulitosha. Fonti tena!

Na msidhani haya ni ya ng'ambo. Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi waliohusishwa na Uchina waliingia katika mitambo ya serikali ya Kenya kwa miaka kadhaa. Mlango, kwa mujibu wa taarifa hiyo, ulikuwa waraka wenye sumu ambao mfanyakazi mmoja aliupakua mwishoni mwa 2019 bila kujua. Uchina ilikanusha.

Sasa turudi kwetu. Kutoka Lamu Road mjini Malindi hadi njia ya Chuo Kikuu cha Pwani, saiba ndiyo ofisi ya kila mtu. Hapo huchapwa barua za kuomba kazi, fomu za basari, tasnifu za wanafunzi, ratiba za mazishi, mikataba ya mashamba. Kompyuta moja kwa siku humeza vitambulisho na vyeti vya watu chungu nzima, na vingi hubaki pale pale kwenye eneo-kazi, kila mteja anaviona. Word iliyomo huenda ilinakiliwa kutoka kwa rafiki wa rafiki, na usasishaji umezimwa kwa sababu “unakula bando.” Mwenye saiba simlaumu sana, bando si maji ya kisima. Lakini Office ya 2007 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2017, na ya 2010 Oktoba 2020. Tundu likigunduliwa humo leo, hakuna wa kuliziba.

Kuna kinga moja ambayo wengi huikimbia. Waraka uliotoka kwenye intaneti huja na utepe wa manjano juu ya ukurasa, na Word huufungua kwa kuusoma tu. Mtu hubofya ili aanze kuhariri hata kabla ya kusoma mstari wa kwanza. Kama unasoma tu, uache utepe ulivyo. Ila waraka ulioletwa kwa flashi mara nyingi hauna utepe huo, na flashi ndiyo posta ya wanafunzi.

Asiye na fedha za Word mpya atumie LibreOffice. Nayo haikosi matundu, lakini ni ya bure na viraka vyake ni vya bure. Na kabla hujachomeka flashi yako kwenye saiba, muulize mwenyewe kwa upole: Word hii ni ya mwaka gani, na ilisasishwa lini? Akikujibu kwa hasira, kuna saiba nyingine ng'ambo ya barabara.