Bomba la Moshi si Tarumbeta



Wengi wetu, zamu ikiisha, hupanda pikipiki kutafuta nyongeza ya riziki, toka Emali hadi Wote, na toka Kibwezi hadi Mutomo na Kitui. Hatuwalaumu. Lakini wengine huling'oa bomba la moshi la kiwandani, hufunga la kununua, kisha fundi hukata vizuizi vya sauti vilivyo ndani ili lingurume.

Kelele si nguvu. Moshi ukipita ovyo na kabureta isirekebishwe, hewa huzidi petroli, injini huchemka na vali huungua. Tena Kanuni za Kelele za mwaka 2009 zakataza kelele za kupita kiasi.

Ukibadili bomba, ngoja injini ipoe, weka gaskiti mpya, kaza nati zote sawasawa, wala usiache kukirudisha kikinga joto. Mguu wa abiria ni amana.

Zaidi ya hayo, sisi wa reli twajua kwa nini dereva wa treni hupiga honi penye kivuko. Asiyeisikia kwa ngurumo yake mwenyewe, nani atamwokoa?

Ndugu, rudisheni vizuizi hivyo. Twawataka kazini kesho, wazima.