Choo Kina Baba, Shimo ni Yatima

Katika nchi ya majani chai, kuanzia Kericho hadi Bomet, choo kipya cha shule huzinduliwa kwa shangwe. Mheshimiwa hukata utepe, wazazi hupiga makofi, na ukutani huandikwa jina la hazina iliyotoa fedha pamoja na mwaka wa ujenzi. Sijapata kumwona kiongozi yeyote aliyealikwa kushuhudia tope likitolewa katika tangi la choo hicho baada ya kujaa. Choo kina baba. Shimo lililo chini yake ni yatima. Hapo ndipo penye udhaifu wa mipango yetu ya usafi shuleni.

Tangi la maji taka si mahali pa kutupa na kusahau. Uchafu mzito hutuama chini ukawa tope, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda kufyonzwa na udongo. Vijidudu hupunguza tope hilo, lakini hawalimalizi. Likifikia kadiri ya thuluthi ya kina cha tangi, halina budi kutolewa. Aghalabu hilo hutokea kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mapema zaidi pale watumiaji wanapokuwa wengi. Likipuuzwa, huvuka na kuziba udongo unaofyonza, kisha maji taka hufumka juu ya ardhi.

Katika nyanda zetu hatari hiyo ni maradufu. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, nazo shule nyingi zimejengwa kwenye miteremko. Kinachofurika juu ya kilima hakikai kilimani. Huteremka hadi vijitoni, na vijito humwaga katika Kipsonoi ielekeayo Ziwa Victoria, au Nyangores, ambayo hukutana na Amala kuufanya mto Mara. Homa ya matumbo na kipindupindu hazihitaji njia nyingine iliyo rahisi kuliko hiyo.

Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya kutwa, vyoo vya wavulana vilijaa muhula wa kwanza vikafungwa kwa mbao na misumari. Wavulana wakaanza kupotelea katika mashamba ya chai. Wasichana wakapiga foleni ndefu, na wale wakubwa, wakiwa katika siku zao, wakaona heri kubaki nyumbani. Katika bajeti ya shule hapakuwa na fungu la kutoa tope. Mwishowe wazazi walichangishwa, likachimbwa shimo jipya hatua chache kutoka la zamani. Tulijiona werevu. Lakini kiwanja kilikuwa kimezungukwa na chai hadi uani. Baada ya shimo la tatu au la nne, tungechimba wapi?

Kiwango cha Wizara ya Elimu ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Shule nyingi zilikipita kiwango hicho tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003. Mwaka 2023 sekondari msingi ikawekwa katika viwanja vya shule za msingi, na sasa viwanja hivyo huwa na wanafunzi hadi wa Gredi ya 9, darasa moja zaidi kuliko zamani. Hesabu ya matundu, hata hivyo, ni nusu tu ya jambo. Tundu ambalo shimo lake limejaa si tundu.

Je, jukumu ni la nani? Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Lakini Jedwali la Nne la katiba hiyo hiyo huiachia serikali ya taifa shule za msingi na sekondari, ilhali elimu ya chekechea pamoja na huduma za maji na usafi ni za kaunti. Kwa hiyo mtoto wa chekechea ni wa gavana, dada yake wa Gredi ya 4 ni wa waziri, na wote wawili hutumia choo kimoja. Kikijaa, kila upande huutazama mwenzake.

Wako watakaosema kwamba fedha hazipo, na kwamba malori ya kunyonya maji taka hukwama katika matope yetu. Hayo ni kweli. Lakini kujaa kwa tangi si ajali. Ni jambo linalojulikana siku ile ile ya kukata utepe. Basi na atakayejenga choo aeleze pia kitatolewa tope na nani, lini, na kwa fungu gani. Kaunti nazo zipange zamu ya malori shule baada ya shule, wakati wa kiangazi, na ziandae mahali halali pa kumwaga. Na asithubutu mtu kumteremsha kibarua shimoni kwa kamba na ndoo, kwa maana hewa ya humo huua kabla ya mtu kupiga ukelele.

Nasi walimu tusingoje barua kutoka juu. Kila shule na iwe na daftari lenye mwaka wa kila tangi, ukubwa wake, idadi ya watumiaji, na kina cha tope kilichopimwa na fundi. Hesabu hizo zikipelekwa darasani, mwanafunzi atajifunza mjao wa pipa na kasi ya ujazo kwa mfano anaoujua, na bodi ya shule itajua mapema mwaka wa kulipa. Wahenga walionya kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Sisi tumezidisha: tunajenga ukuta kila mara, tunauandika jina, na ufa tunauacha pale pale.