Tovuti Yako Imeandikwa kwa Toleo Gani?

Shule, madrasa na nyumba za wageni hapa Pwani zinajengewa tovuti siku hizi, nyingine kwa WordPress. Anayelipa huulizia rangi na picha. Haulizii lugha ya kompyuta iliyo nyuma yake, nayo ni PHP. Lugha hiyo hutoka kwa matoleo, na kila toleo lina siku yake ya kuachwa.

PHP 7.4 ilitoka Novemba 2019, ikaachwa Novemba 2022. Kuachwa si kuzimika. Tovuti huendelea kufanya kazi kama jana, na hapo ndipo penye hatari: tundu jipya la usalama likigunduliwa, wenye lugha hawalizibi tena. Ni kama jahazi lisilotiwa kalafati. Linaelea, lakini maji yanatafuta njia.

Tarehe hizi si siri. PHP sasa hutunza kila toleo miaka 4, miwili ya mwisho ikiwa ya usalama pekee. Python hutunza miaka 5. Java hutoa toleo kila miezi 6, lakini Oracle huchagua machache, kama la 17 na la 21, ya kutunzwa kwa muda mrefu. Python 2 ilipangiwa kuachwa 2015, watumiaji wakaongezewa muda mpaka 1 Januari 2020 ili wapate kuhama.

Basi kasoro yetu iko kwenye mikataba. Tunamlipa fundi mara moja, anakabidhi kazi, halafu kimya. Wengine husema, kwa nini niguse kitu kinachofanya kazi? Wana hoja, kwani kuhamia toleo jipya kuna gharama na huenda baadhi ya vitu vikaharibika. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Madrasa yenye majina ya watoto na simu za wazazi haitajitetea kwa kumtaja fundi. Zile ni amana.

Ndugu msomaji, kabla ya kutia saini uliza mambo matatu, na majibu yaandikwe: ni toleo gani, litaachwa lini, na nani atalipia kuhama siku hiyo ikifika. Mwenye tovuti tayari amuulize fundi wake wiki hii.