Funga tangi kwanza, taa za TikTok baadaye

Wasee wa kugeuza vani kuwa nyumba, tuongee. Mnaweka kitanda, sola, friji, hadi zile taa za kupendeza TikTok. Lakini tangi la mafuta? Kifuniko kinafunguka kwa mkono tu. Msee akija usiku na mpira na jerikeni, anamaliza tangi ukikoroma ndani.

Nairobi utasumbuka kidogo tu, unapanda boda unaenda kununua mafuta. Sasa jiulize ukiwa njia ya Loiyangalani, mahali petroli steshoni haziko kila kona. Hapo safari imekwisha, na hata kurudi ni kuomba mafuta kwa watu.

Mi naona pesa ya kwanza iende kwa kifuniko chenye kufuli. Kama gari yako ni ya zamani, fundi akuwekee wavu kwa shingo ya tangi ndio mpira usipite. Mwizi akikosa juu anaweza kutoboa tangi chini, kwa hivyo paki upande wa tangi ukiwa karibu na ukuta. Ukiskia harufu ya mafuta asubuhi, usiwashe gari wala jiko. Chungulia chini kwanza.

Na ile stori ya sukari kuua injini? Sukari haiyeyuki kwa petroli. Ogopa maji zaidi, juu yanazama chini ya tangi, palepale pampu inavuta. Kufuli inazuia vyote viwili.

Kabla ununue taa, wewe umefunga tangi?