Mgongo wa Mfanyakazi Hautibiwi kwa Kisu Peke Yake

Tumezoea kutamka kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu. Ni mara chache tunauzungumzia uti wa mgongo wenyewe: wa mkulima ainamaye na jembe, wa mwalimu asimamaye ubaoni tangu asubuhi, na wa karani aketiye kwenye kiti kilichovunjika egemeo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno.

Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini kinachopokea mishindo ya mwili. Kadiri umri unavyosogea, kisahani hicho hukauka na kusinyaa. Kinapochakaa sana, daktari aweza kukiondoa na kuziunganisha pingili mbili kwa vipande vya mfupa na skrubu za titani, mpaka ziote kuwa mfupa mmoja. Zamani kazi hiyo ilidai mgongo upasuliwe kwa upana na misuli ibanduliwe. Siku hizi mpasuaji hupitisha vifaa ndani ya mrija mwembamba, akiongozwa na picha za eksirei. Misuli husukumwa kando, damu hupotea kidogo, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema.

Huo ni ufundi wa kusifiwa. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba udogo wa kovu hauthibitishi kuwa upasuaji ulihitajika. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2005 uliwahusisha wagonjwa 349 wa maumivu sugu ya kiuno. Baadhi walipangiwa kuunganishwa pingili, wengine mazoezi mazito ya viungo pamoja na mafunzo. Baada ya miaka miwili pande zote mbili zilikuwa zimepata nafuu, na tofauti baina yao ilikuwa ndogo. Ni kweli kwamba baadhi ya waliopangiwa mazoezi hatimaye walipasuliwa, lakini wengi wao hawakufika huko.

Tatizo jingine ni picha. Mtumishi hupigwa picha ya MRI, akaambiwa kisahani kimechakaa, na jioni hiyo hiyo ukoo ukaanza kujadili kiwanja gani kiuzwe. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliwatazama watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo: dalili za uchakavu zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mvi nazo ni uchakavu, wala hatuzipeleki hospitali.

Wapo wanaohitaji kisu kweli, kama wale ambao pingili zao zimeteleza na kubana mishipa ya fahamu. Mwenye miguu inayopoteza nguvu ghafla, au aliyeshindwa kuzuia mkojo, asingoje mazoezi. Akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hao tunayo Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996.

Lakini kwa walio wengi, hatuna budi kudai wataalamu wa mazoezi ya viungo katika kila hospitali ya wilaya, si mijini tu. Na mkurugenzi atakayeidhinisha ununuzi wa samani mwaka huu aanze na viti vya makarani na walimu, ndipo afikirie kochi la ofisi yake.