Tuachieni utani wetu

Mhariri,

Kila Simba au Yanga inapocheza na timu ya nje, wapo wanaotuhimiza tuweke utani kando na kumshangilia mtani kwa ajili ya uzalendo. Mimi ni Simba damu, na hilo silikubali.

Mwaka 2023 Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, nilikuwa upande wa USM Alger waziwazi. Yanga walifungwa 2-1 Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, kombe likawaponyoka kwa kanuni ya bao la ugenini. Raha niliyoipata siku ile haina mfano! Mwaka 2025 ikawa zamu yetu: RS Berkane wakalibeba kombe hilohilo pale Amaan, Zanzibar, na kijiweni kwetu hapakukalika. Watani walituimba, walitupikia pilau la msiba. Iliuma kwelikweli, lakini ilikuwa haki yao, na sikumwona msaliti hata mmoja kati yao.

Nchi tunaishangilia kwa pamoja Taifa Stars inapocheza. Klabu ni jambo jingine. Hizi mbili zimechokozana tangu miaka ya 1930, na mtani akifungwa ni nusu ya utamu wa soka letu.

Wanaostahili kukemewa ni wanaorusha chupa na kumpiga mtu kwa sababu ya rangi ya jezi. Viongozi wa soka, shughulikieni hao. Sisi mtuachie tuzomeane.

Shabiki wa Msimbazi,
Temeke, Dar es Salaam