Herufi nene ku mulango, herufi ndogo ku hatari

Bandugu wachimbaji, na ninyi wa nyumbani munaotungojea kila magaribi,

Kampuni ikifungua mini, jina lake njo linapakwa rangi mbele ya yote. Herufi nene, za muviringo, O sawa gurudumu. Unazisoma tangu barabara. Ziko nzuri, sikatae. Lakini tujue zimefanyiwa kazi gani.

Ku Ujerumani, mwaka 1927, Paul Renner alitoa Futura, herufi zenye sura ya duara na mustari ulionyooka. Mwaka 1979 kampuni ya magari Volkswagen ikapata zake, VAG Rounded, juu nyumba zenye kuuza Volkswagen na Audi zikuwe na sura moja. Hizo ni nene, na kila ncha imeviringwa. Kisha Apple wakaziweka ku klavye za kompyuta zao kwa miaka mingi. Angalia vizuri: jina moja ku mulango, herufi moja ku kidude kimoja cha klavye. Neno fupi, njo hapo zina nguvu. Ukiandika nazo mistari kumi, matundu ya ndani yanajaa, o na c na e zinaanza kufanana, jicho linachoka.

Basi kuna kazi mbili. HATARI, SIMAMA, USIINGIE: hizo zinaomba herufi nene na kubwa. Maelezo marefu yanaomba herufi za kawaida, zenye nafasi kati yake.

Kwetu inafanyika kinyume. Ku mini nyingi nilizofika kwa kazi ya sendika, jina la kampuni linapita mutu urefu, lakini tangazo la saa ya kulipua dinamiti liko ku karatasi moja ya buro, kwa Kifaransa, mara ingine Kiingereza ao Kichina, na mvua imeshafuta nusu. Nani ataisoma na taa ya kaske?

Wengine watasema: wachimbaji wengi hawakusoma, pano itasaidia nini? Njo yule asiyesoma anahitaji neno moja lenye sura isiyobadilika, pamoja na picha. Sijaona mutu aliyekosa kutambua chupa ya bia yake ku bare, hata kama hajui alfabeti.

Wengine watasema hakuna feza. Rangi iliyobaki ku mulango inatosha.

Kanuni ya kazi ya 2002 inataka komite ya usalama, ya usafi, na ya «embellissement», ni kusema kupendezesha mahali pa kazi. Basi tupendezeshe kwa faida. Na Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha ine za taifa. Kukiandika ku pano hapana zawadi ya mukubwa.

Madelege, ku mukutano ujao wa komite ombeni mambo matatu. Neno la hatari liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi nene zenye kuonekana mbali. Liwe na picha, na sura yake ikuwe moja ku mini yote. Na lipakwe upya kila linapofifia, sawa wanavyofanya kwa jina la kampuni.

Jina lile tunalijua tayari, tunalisoma kila mwezi ku karatasi ya mushahara. Rangi ianze kule mutu anaweza kufia.